Berlin kwa Aliyehamia

Mtalii hupewa siku tatu Berlin, wewe umepewa miaka. Usikimbizane na orodha yake. Wiki za mwanzo zitaliwa na mambo ya ofisi: kuandikisha anwani, ambako sheria inataka kufanywe ndani ya siku 14 tangu uhamie, kisha benki, kisha bima. Kwa upande wa matembezi, jambo la kushughulikia mapema ni tiketi ya mwezi. Vituo vya treni hapa havina mageti, na mgeni huona kama usafiri ni wa bure. Baadhi ya wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa nguo za kawaida, na faini ni euro 60. Hata mwenye tiketi ya karatasi hutozwa ikiwa hakuigonga muhuri kwenye kimashine cha kituoni. Kanda A na B zinatosha kwa mji wote. C utaihitaji kwa uwanja wa ndege na kwa safari ya Potsdam.

Ukishapata tiketi, panda basi namba 100 kutoka kituo cha Zoologischer Garten na uketi ghorofa ya juu, mbele kabisa. Ni basi la kawaida la abiria, lakini linapita karibu na kanisa la Kaiser Wilhelm lililovunjwa kwa mabomu mwaka 1943 na kuachwa gofu kwa makusudi, linazunguka mnara wa Siegessäule, linapita karibu na Bunge, kisha linafuata barabara ya Unter den Linden hadi Alexanderplatz. Baada ya safari moja utajua kipi kiko wapi. Kupanda kuba la kioo la Bunge hakulipiwi, ila lazima ujiandikishe mapema kwenye intaneti na uje na pasipoti. Chagua saa ya jua kuzama.

Karibu na lango la Brandenburg kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa: nguzo 2,711 za zege, wazi mchana na usiku. Ingia katikati, pale ardhi inapozama na nguzo zikakupita kimo, na usipande juu yake kupiga picha. Ukitoka hapo tembea dakika chache hadi Wilhelmstraße namba 92. Jengo lilikwisha kutoweka, kilichobaki ni kibao cha maelezo, na watalii wengi hupita bila kugeuza shingo. Sisi Waafrika hatuwezi kupita hivyo. Hapa ndipo Bismarck alipowaketisha wajumbe wa mataifa kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, wakakubaliana kanuni za kujitwalia Afrika, na hakuna Mwafrika aliyealikwa mezani.

Siku ninayomshauri kila mgeni kutoka kwetu aitenge ni ile ya kutembea kwa miguu kuanzia Bernauer Straße. Hapo ukuta wa Berlin, uliojengwa kuanzia Agosti 1961 na kufunguliwa Novemba 1989, umehifadhiwa pamoja na ukanda wake wa kifo. Nyumba zilikuwa za Mashariki na njia ya waenda kwa miguu mbele yake ilikuwa ya Magharibi, kwa hiyo watu waliruka madirishani. Panda mnara ulio ng'ambo ya barabara uutazame ukanda wote kwa juu. Hakuna kiingilio.

Kisha teremka Brunnenstraße hadi namba 193, karibu na Rosenthaler Platz, uangalie chini. Utakuta kijiwe kidogo kilichovikwa shaba, chenye jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingizwa jeshini akiwa mtoto katika Vita ya Kwanza ya Dunia, akaja Berlin kudai mishahara ya vita ambayo hakulipwa. Alifundisha Kiswahili chuoni na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa, na mwaka 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Vijiwe vya namna hii viko mji mzima, mbele ya nyumba walimoishi waliouawa na utawala wa Hitler. Jizoeze kuvisoma.

Ukirudi nyuma kidogo na kufuata Invalidenstraße kuelekea magharibi, utafika Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ndani ya ukumbi wa kwanza amesimama yule mjusi wa kale (dinosaria) wa Tendaguru tunayemsikia bungeni Dodoma: kimo cha mita 13.27, mifupa iliyochimbwa mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913. Jumla ya mzigo ilizidi tani 200, na wapagazi waliubeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Nenda na watoto, na uwasimulie habari za wapagazi kabla ya habari za mjusi. Jumatatu pamefungwa, kama makumbusho mengi ya hapa.

Jumapili ni zamu ya maduka: karibu yote hufungwa, isipokuwa yale ya vituo vikubwa vya treni, basi nunua chakula Jumamosi. Mboga na viungo kwa bei nafuu viko soko la Maybachufer, Jumanne na Ijumaa. Jioni wauzaji wanapofunga, bei hushuka. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na huo ndio wakati wa Neues Museum na sanamu ya Nefertiti. Kiangazi nenda Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008, ambako sasa watu huendesha baiskeli na kurusha tiara kwenye njia za kurukia ndege.

Mtaa wa Wedding acha uuzuru ukiwa umeshauzoea mji. Shuka kituo cha Afrikanische Straße, treni ya U6. Utakuta Sansibarstraße, Tangastraße na Ugandastraße, barabara zenye majina yaliyotokana na historia ya ukoloni. Barabara iliyowekewa jina la mkoloni Carl Peters mwaka 1939 iligawanywa na kubadilishwa jina Agosti 2024, baada ya miaka mingi ya madai ya wakazi na wanaharakati. Sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee. Ukichoka, bustani ya Rehberge iko jirani, ina vivuli na sehemu za watoto kuchezea.