Nianze na kitabu kipi?

*Nina kibanda cha simu Nyamasaria. Nataka kusoma historia, dini, sheria na riwaya, lakini kila kitabu nakiacha katikati. Nianze wapi?*
*Msomaji, Kisumu*

Si uvivu. Vitabu visivyohusiana hukurudisha mwanzo kila mara, kwa hiyo fuata jambo moja linalopita kote kunne. Kwenu lipo: kesi ya maziko ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager waligombea mwili hadi Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi mwaka 1987. Anza na riwaya ya Margaret Ogola, *The River and the Source* (1994), ambamo mjane Akoko anasafiri hadi Kisumu kumshtaki shemeji yake kwa serikali ya kikoloni. Utasema riwaya si ushahidi. Kweli, ila inakuonyesha mjane alisimama wapi kabla hujakutana na mawakili. Kisha soma *Burying SM* (1992) ya Cohen na Atieno Odhiambo, kizito kidogo, ruka unapochoka; halafu Wambui mwenyewe, *Mau Mau's Daughter* (1998). Kwa dini, John Mbiti, *African Religions and Philosophy* (1969), hasa kuhusu wafu. Ukikwama, muulize mkutubi. Ukiwa na mgogoro wa mirathi nyumbani, muone wakili: vitabu hivi vilitangulia Katiba ya 2010.