Kiapo cha Mfalme, Ghala la Mkulima

Tarehe 22 Agosti 1642, Mfalme Charles I wa Uingereza alisimamisha bendera yake ya vita mjini Nottingham. Kwa miaka minne iliyofuata Waingereza waliuana wao kwa wao, jeshi la mfalme upande huu na jeshi la Bunge upande ule, na kila upande ukiapa kwamba Mungu yuko nao. Mwandishi wetu wa historia anajibu maswali kuhusu askari wa mfalme: waliamini nini, na imani hiyo ilifanya kazi gani walipobisha hodi kwa mkulima.

Swali: Askari hawa walipigania dini au walimpigania mfalme?

Jibu: Wengi wao hawakuyatenganisha mambo hayo. Mfalme alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana na mkuu wa Kanisa la Uingereza, na kila Jumapili aliombewa kwa maneno ya Kitabu cha Sala. Kumwinulia silaha ilikuwa dhambi kabla ya kuwa kosa la jinai. Kitabu hicho si kigeni kabisa kwetu: Waanglikana wa pwani ya Afrika Mashariki wamesali kwa sala zake tangu Askofu Edward Steere wa Zanzibar alipozitafsiri kwa Kiswahili katika karne ya 19. Bunge lilipokipiga marufuku mwaka 1645, mtu wa mfalme aliona ibada ya baba yake inanyang'anywa.

Kabla ya pambano la Edgehill, tarehe 23 Oktoba 1642, mzee Sir Jacob Astley, kamanda wa askari wa miguu, alipiga magoti mbele ya watu wake. Alimwambia Mungu kwamba siku hiyo angekuwa na shughuli nyingi, na kwamba akimsahau, basi Mungu asimsahau yeye. Kisha akasimama, akaamuru askari wasonge mbele.

Lakini siku hiyohiyo mshika bendera ya mfalme alikuwa Sir Edmund Verney, ambaye aliyapenda mageuzi ya dini yaliyodaiwa na Bunge na hakuwapenda maaskofu waliosababisha ugomvi. Alimfuata mfalme kwa sababu alikuwa amekula mkate wake karibu miaka 30, na aliona aibu kumkimbia. Aliuawa akiwa na bendera mkononi. Mwanawe Ralph alikuwa upande wa Bunge. Mimi humwamini Verney kuliko wahubiri wote wa vita ile, maana alijua hasa anakufa kwa ajili ya nini.

Swali: Mfalme aliwaahidi nini kuhusu dini?

Jibu: Tarehe 19 Septemba 1642, karibu na mji wa Wellington, alisimama mbele ya jeshi lake akaapa kuilinda dini ya Kiprotestanti, sheria za nchi na haki za Bunge. Maneno hayo matatu yakachongwa kwa Kilatini kwenye sarafu za fedha zilizopigwa Shrewsbury, hivi kwamba askari aliyepokea mshahara alikuwa akikishika kiapo chenyewe mkononi.

Siku nne baada ya kiapo hicho, mfalme aliandika barua kwa Earl wa Newcastle, kamanda wake wa kaskazini. Alimwamuru amchukue kila raia mwaminifu bila kuchunguza dhamiri yake. Maana yake ilikuwa wazi: Wakatoliki waandikishwe. Hadharani alikuwa amesema hatawataka. Sisemi mfalme alikuwa mnafiki mtupu. Alihitaji watu, na Wakatoliki walikuwa tayari kufa kwa ajili yake. Ila kuandikishwa kwao kulimpa adui neno. Tangu hapo magazeti ya London yaliliita jeshi la Newcastle jeshi la Papa, na kila uovu wa askari mmoja ukahesabiwa kuwa uovu wa dini.

Swali: Wakatoliki walikuwa waaminifu kweli?

Jibu: Sana. Marquess wa Worcester, wa ngome ya Raglan, alimpa mfalme mali nyingi kuliko karibu mtu mwingine yeyote. Marquess wa Winchester alilinda nyumba yake, Basing House, kupitia kuzingirwa mara kwa mara. Ndani ya Basing House Waprotestanti na Wakatoliki walipigana bega kwa bega hadi mwaka 1645, Marquess alipoomba abaki na watu wa imani yake tu. Waprotestanti wakaondolewa, nao walikuwa sehemu kubwa ya nguvu yake. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Oliver Cromwell, kamanda wa Bunge, aliiteka nyumba hiyo. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo makasisi wa Kikatoliki, na washindi walijiona wanasafisha kiota cha ibada ya sanamu.

Swali: Je, jeshi la mfalme lilikuwa na kanuni za mwenendo?

Jibu: Lilikuwa nazo, zimechapishwa, na zilianza na Mungu: askari asikufuru, asikose ibada, aogope Mungu kabla ya kumwogopa kamanda. Kisha zikafuata za ubakaji, wizi na kumpiga mwenye nyumba. Kwenye karatasi, askari wa mfalme alikuwa Mkristo safi.

Tazama lakini ni kosa gani liliadhibiwa kwa haraka. Aprili 1645 kijana mmoja, Kanali Francis Windebank, alisalimisha Bletchingdon House kwa Cromwell bila mapigano. Alipelekwa Oxford, kwenye makao makuu ya mfalme, akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na tarehe 3 Mei akapigwa risasi. Wakati huohuo upande wa magharibi wapanda farasi wa Lord Goring waliwapora wakulima mwezi baada ya mwezi, na Goring akaendelea na ukamanda wake.

Swali: Kwa nini watu walioanza siku kwa sala walimaliza siku wakiiba kuku?

Jibu: Njaa ndiyo ya kwanza. Bunge lilishika London, bandari kubwa na forodha. Mfalme alishika kaunti maskini zaidi na vyombo vya fedha vya vyuo vya Oxford, ambavyo viliyeyushwa vikaisha. Mshahara wa askari wa miguu, peni chache kwa siku, ulichelewa, halafu haukuja kabisa. Hapo askari aliwekwa kulala na kula kwa raia, na mwenye nyumba akapewa kikaratasi cha kusema atalipwa baadaye. Baadaye hiyo haikufika. Mkulima alilishwa karatasi, farasi wake akachukuliwa, na mbegu ya mwaka ujao ikaliwa na watu waliokuwa wakimwambia wanamlindia dini yake.

Ya pili ni tabia iliyolelewa tangu mwanzo. Pale Edgehill wapanda farasi wa Prince Rupert, mpwa wa mfalme, waliwavunja adui zao, kisha wakawafukuza hadi kijiji cha Kineton na kuanza kupora mikokoteni ya mizigo. Waliporudi, jua lilikuwa linazama na ushindi umeshapotea. Wiki tatu baadaye waliupora mji wa Brentford. Habari zikafika London kwa siku moja, na asubuhi yake wanamgambo wa jiji, maelfu kwa maelfu, wakajipanga Turnham Green kuilinda mitaa yao. Mfalme akageuka. Hakuukaribia tena mji wake mkuu akiwa na jeshi. Nikisoma habari hizo huwa najiuliza ni mablanketi mangapi ya Brentford yaliyomgharimu taji.

Kufikia 1645 wanavijiji wa Dorset, Wiltshire na Somerset walishachoka. Walijikusanya kwa marungu na mikuki, wakafunga utepe mweupe, wakatangaza watampiga mporaji yeyote, awe wa mfalme au wa Bunge. Wengi wao walikipenda Kitabu cha Sala. Walikuwa watu wa mfalme kwa imani, na jeshi la mfalme likawafanya wachukue marungu.

Swali: Makasisi wa jeshi hawakuyaona hayo?

Jibu: Waliyaona. Edward Symmons alihubiri Shrewsbury mbele ya jeshi la Rupert mwezi Machi 1644, akawachorea askari wa kweli wa mfalme: mtu wa heshima, ampendaye mfalme wake kwa sababu ya dhamiri. Ni picha nzuri, na mtu hachori picha kama hiyo isipokuwa walio mbele yake hawafanani nayo.

Miezi mitatu kabla, siku za Krismasi, watu wa Lord Byron, kamanda wa mfalme, walikuwa wamewatoa kwa moshi wanakijiji waliojificha katika mnara wa kanisa la Barthomley, Cheshire, wakawaua 12. Byron aliandika kwamba kumhurumia mwasi ni ukatili. Barua yake ikanaswa na kuchapishwa. Waliouawa walikuwa waumini wa parokia ile, ndani ya kanisa ambalo mfalme aliapa kulilinda.

Swali: Hakukuwa na kamanda aliyeshika aliyohubiriwa?

Jibu: Sir Ralph Hopton. Alikuwa mcha Mungu, aliwalipa watu wake wa Cornwall kila alipopata fedha, na hakuvumilia uporaji. Mwaka 1643 adui yake Sir William Waller, rafiki yake wa tangu ujana, alimwandikia kwamba anaichukia vita hii lakini hawezi kuacha upande wake. Majuma machache baadaye wakapigana Lansdown. Maadui walimheshimu Hopton hadi mwisho. Jeshi alilokabidhiwa mwaka 1646 lilikuwa mabaki ya watu wa Goring, na hata yeye hakuweza kulitengeneza.

Swali: Basi jeshi la Bunge lilikuwa bora?

Jibu: Edward Hyde, mshauri wa mfalme mwenyewe, aliandika baadaye kwamba watu wa mfalme walitumbukia katika maovu waliyowalaumu nayo waasi, huku waasi wakijifunza nidhamu. Alikuwa na haki ya kuandika hivyo, maana aliyaona. Lakini nidhamu si huruma. Mwaka 1644 Bunge lilipitisha amri kwamba Mwairishi mwenye silaha asipewe msamaha, kwa kuwa ni Mkatoliki. Tarehe 14 Juni 1645, baada ya ushindi wa Naseby, askari wa Bunge, waliolipwa vizuri na kusali vizuri, waliikuta misafara ya kambi ya mfalme ikiwa na wanawake: wake za askari, wapishi, wafuaji. Waliwaua wapatao 100 na kuwachanja nyuso wengine, wakisema ni Wakatoliki wa Ireland, kwa sababu walizungumza lugha isiyoeleweka na walikuwa na visu. Yaelekea walikuwa wanawake wa Wales, wakizungumza Kiwelshi, na visu vyao vilikuwa vya jikoni.