Mzigo wa Ndugu Aliye Ng'ambo

Somo kwa nyumba za Wakristo na kwa wainjilisti. Soma 1 Samweli 17:12–29.

Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni mzigo ufungwao nyumbani kwa ajili ya ndugu aliyepelekwa kazini ng'ambo, hasa aliye askari. Twalileta kwenu kwa sababu hata katika sharika zetu ndogo za Kibiti na za delta ya Rufiji wamo wazazi wanaongoja habari za watoto wao; tena kwa sababu sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili, kama mtakavyosoma mbele.

Tuanze na mzee Yese wa Bethlehemu. Wanawe watatu wakubwa walikuwa vitani pamoja na Sauli, naye alikuwa amekwisha kuzeeka. Akamwita Daudi, mdogo wao, akampa bisi, na mikate kumi, na jibini kumi, avipeleke kambini. Wengi wetu tukisoma sura hii twapita hapo mbio, ili tumfikie Goliathi. Leo na tuketi kidogo. Yese hakutuma nyama ya mchuzi wala maziwa mabichi. Bisi ni kitu kikavu, hakiozi njiani. Tena zile jibini hazikuwa za wanawe, bali za akida wao. Mzee alijua ya kuwa watoto wake wako chini ya mkono wa mtu mwingine, na ya kuwa chakula kiliwacho mbele ya wenzi ama huleta husuda ama huleta urafiki. Kisha akamwagiza kijana aangalie hali ya ndugu zake, arudi na jawabu. Naye Daudi alipofika aliviacha vitu kwa mtunza vyombo, ndipo akakimbia kuwasalimu.

Na asante aliyoipata? Eliabu alimkasirikia mbele ya watu, akamwuliza wale kondoo wachache amewaachia nani! Basi mama ambaye mwanawe alipokea mzigo akajibu neno moja tu, "Umefika," asikae kulia. Mtu aliye katikati ya hofu hasemi kama asemavyo akiwa barazani kwao.

Watu wa delta wana habari zao za kungoja mzigo kutoka mbali, ingawa waliongoja walikuwa wageni. Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja, ikarudi kujificha katika mito ya Rufiji. Mabaharia wake walikaa humo miezi mingi katikati ya mikoko, wakiumwa na mbu na kushikwa na homa, na Waingereza wakaizuia midomo ya mto. Februari 1915 watu wa kwao wakawatumia meli, Rubens, iliyogeuzwa sura ionekane kuwa ya Denmark, imechukua makaa ya mawe, silaha, nguo na vyakula. Aprili ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa mizinga papo hapo. Vitu vingi viliokolewa majini, vikachukuliwa bara vichwani mwa wapagazi; lakini makaa hayakuifikia Königsberg, nayo ikaishia mtoni tarehe 11 Julai 1915. Mabaki yake yalionekana kwa miaka mingi karibu na Salale. Hata Novemba 1917 Wajerumani walituma chombo cha angani, L59, kutoka Bulgaria, kikiwa na dawa, vitambaa vya kufungia vidonda na risasi. Hata ngozi ya chombo chenyewe ilikusudiwa kushonwa hema na nguo. Kilipofika juu ya Sudan kikaitwa kirudi.

Yatupasa kuuliza pia: je, askari wetu na wapagazi wa vita ile, nani aliwafungia mzigo wao? Walichukua mizigo ya wengine kutoka pwani hata ng'ambo ya Ruvuma, na nyumbani kwao wengi hawakujua hata nchi walikokuwa. Katika vita ya pili mambo yalikuwa afadhali kidogo. Mwaka 1944 askari wa Tanganyika walikuwa pamoja na wenzi wao wa Afrika Mashariki huko Burma, wakishuka bonde la Kabaw wakati wa masika makubwa mpaka mto Chindwin. Barua zilikwenda na kurudi, ingawa zilikaguliwa. Na kwa kuwa wazee wengi hawakujua kusoma, kazi ya kuandika na ya kusoma iliwaangukia walimu. Wainjilisti wanaosoma somo hili wajue ya kuwa kazi hiyo ni urithi wao.

Katika siku zetu askari wa Tanzania wamepelekwa nje kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa: Darfur, ambako kazi ile ilikoma mwisho wa mwaka 2020, Kongo, tangu 2013, na Lebanon, ng'ambo ya bahari. Huko wamo waliokufa. Julai 2013 saba waliuawa Darfur, na Desemba 2017 kule Semuliki, mashariki ya Kongo, wakaanguka askari wetu zaidi ya kumi kwa usiku mmoja. Basi mzigo wa askari si mchezo wa kupeana zawadi.

Sasa tuseme habari ya mama mmoja wa vijiji vya delta, ambaye hatutamtaja jina. Mwaka 2014 mwanawe alikuwa Lebanon. Mama akasikia kwa simu ya kuwa huko kuna baridi, akafunga mzigo kwa siku tatu. Alitia nazi sita, samaki wa kukaanga, mchele wa shamba lake na chupa ya mafuta ya nazi. Akapanda mashua mpaka Nyamisati, akapanda gari mpaka Kibiti, akafika kwetu na kapu la ukili linalonuka samaki toka mlangoni. Alitutaka tumwandikie anwani. Tulimwuliza, "Mama, kijana ameomba nini?" Akatutazama kama watu wasio na akili. "Mwanangu aombe nini, Mchungaji? Mimi si ndimi niliyemlea?"

Hapo ndipo pana shida yote. Sisi hufunga kile ambacho moyo wetu unataka kutoa, wala hatumwulizi mpokeaji. Askari hupewa chakula na jeshi lake, mchele hakosi. Kinachokosekana ni ladha ya kwao na habari za kwao. Basi tuliketi na mama yule tukalifungua kapu. Nazi tulizitoa, maana ni nzito, tena huchacha. Samaki tuliwatoa, kwa kuwa nchi nyingi hazikubali nyama, samaki wala mbegu ziingie ovyo, na mzigo mzima waweza kuzuiliwa kwa ajili ya kipande kimoja. Mafuta yangepasuka na kuharibu vyote. Tukatia korosho za kukaanga zilizopoa kabisa ndipo zikafungwa, ufuta uliokaangwa, majani ya chai, pilipili kavu iliyosagwa, na soksi nene jozi mbili. Korosho tulizigawa katika vifuko vingi vidogo, ili ampe kila mwenzi wake chake, na kimoja mkubwa wake. Hayo tulijifunza kwa Yese. Uduvi mama alikataa kuutoa, akisema bila huo si mzigo. Tukamwambia unaweza kuzuiliwa. Akautia.

Kwa wanaotaka kufanya hivyo leo: kwanza mwulizeni askari mwenyewe anwani iliyoruhusiwa na vitu vilivyokatazwa, maana kila kikosi kina taratibu zake, na mara nyingi njia nzuri ni mkono wa mwenzi wake anayekwenda kuwapokea wengine zamu. Mkipeleka posta, andikeni katika fomu ya forodha kila kitu kilichomo, uzito wake na thamani yake, kwa kweli. Manukato, viberiti, pombe na betri za kuchajia simu msitie. Dawa za kienyeji pia msitie, hata bibi akisisitiza. Unga usiojulikana huleta maswali mengi. Ndani, juu ya vyote, wekeni karatasi yenye anwani ile ile, kwa kuwa ya nje huchanika.

Barua je? Siku hizi watu husema simu yatosha. Sisi hatukubali. Simu hukatika, na maneno yake hupita. Karatasi hukaa mfukoni. Katika mzigo ule dada yake alitia ukurasa uliochanwa katika daftari la mtoto wake wa darasa la pili, hesabu kumi, saba zimepata. Kijana alipopiga simu alisema korosho zimekwisha, na uduvi (ulipita!) ulikwisha siku ya kwanza, lakini ule ukurasa ameubandika juu ya kitanda chake, na Wanepali wawili wamemwuliza zile tatu zilikosewa wapi.

Miezi michache baadaye baba yake alifariki. Jamaa walikutana, Wakristo na Waislamu pamoja, kama ilivyo desturi ya nyumba za huko, wakatuuliza kama kijana aambiwe. Tulishauri asiambiwe. Tulisema, yuko kazini na silaha mkononi, kurudi hawezi, atafadhaika bure. Maneno yetu yalionekana kuwa ya hekima, yakapokelewa. Kijana akipiga simu akimtaka baba, aliambiwa kwamba baba yu shambani, au amelala. Ukafungwa mzigo wa pili, na ndani yake, kwa mkono wetu wenyewe, tukaandika salamu za baba.

Alirudi baada ya miezi minne. Tulikwenda kumpokea stendi ya Kibiti. Alishuka na begi lake, na mkononi amechukua koti zito la sufu, akasema hakutaka kulikunja ndani, ni la mzee. Tukamwambia pale pale, kando ya barabara ya Kilwa, kwa kuwa hatukuweza kuendelea. Hakulia. Aliuliza ni nani aliyekata shauri. Mama yake akatutazama sisi. Tukakiri. Kisha akauliza jambo ambalo mpaka leo twalisikia: "Na zile salamu, Mchungaji?"

Tangu hapo katika mtaa wetu twafanya hivi. Likitokea neno zito, jamaa hawalitii katika barua wala katika mzigo, wala hawalifichi. Humtafuta mkuu wa kikosi kwa njia ya jeshi, ili askari aambiwe kwa kinywa cha mtu aliye karibu naye, asipokee peke yake usiku. Kisha nyumbani humpigia simu siku ile ile, wote wakiwa wamekaa. Mzigo hufuata nyuma, na barua iliyomo hueleza mazishi yalivyokuwa: nani alikuja, kaburi li wapi, nani aliyeongoza. Askari mmoja aliyeambiwa hivyo alitupigia simu akataka kujua mti ulio karibu na kaburi la mama yake ni wa namna gani. Tulikwenda kuutazama. Ni mwembe.

Koti lile alipewa baba mdogo. Hulivaa mpaka Februari, jua likiwa kali, akishuka Nyamisati kungoja mashua.