Mwenzi Wako Akisema, "Nimechoka"

Katika somo letu la leo tuongee juu ya kusikilizana wakati ugonjwa wa muda mrefu umeingia nyumbani. Sitatafuta mfano mbali. Nitaanza na nyumba yangu mwenyewe.

Jioni moja nilirudi kutoka kufundisha wakatekumeni nikiwa na njaa. Nilimkuta mke wangu amelala, jiko ni baridi, na vyombo vya asubuhi havijaoshwa. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Nikamwuliza, "Mama Watoto, umelala tangu nilipotoka?" Akanijibu, "Baba, nimechoka. Vidole havishiki hata sufuria." Nikasema, "Hata mimi nimechoka, lakini nimefanya kazi."

Hakunijibu. Tangu siku hiyo akaanza kunificha. Aliamka kabla yangu ili nisione anavyohangaika kufunga vifungo vya nguo. Mimi nilidhani amepona, kumbe amenyamaza.

Alitibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha akaambiwa ni mawazo tu. Nywele zikaanza kukatika na miguu kuvimba. Mwishowe daktari mmoja alipima damu na mkojo, akatuambia ni lupasi, na kwamba imekwisha kugusa figo. Akamwuliza mke wangu, "Mama, mbona hukusema mapema kwamba miguu inavimba?" Mke wangu aliniangalia, kisha akainamisha kichwa. Jibu nilikuwa nalo mimi.

Ugonjwa huu ni nini?

Kinga ya mwili ni kama askari wanaotulinda na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao hukosea na kuanza kuushambulia mwili wenyewe. Ndivyo ilivyo katika lupasi, katika baridi yabisi inayoharibu viungo, na hata katika kisukari cha aina ya kwanza. Lupasi huweza kushika ngozi, viungo, figo, moyo, mapafu hata ubongo. Katika kila wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 45, yaani miaka ile ile ya kuolewa na kulea watoto.

Lupasi haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Si uchawi, si laana, wala si UKIMWI. Bado hakuna dawa ya kuiondoa kabisa, lakini zipo za kuituliza, na wengi huishi nayo miaka mingi. Moja ni haidroksiklorokwini, ambayo zamani ilikuwa dawa ya malaria. Nyingine ni prednisoloni, ambayo huweza kuvimbisha uso, kuongeza hamu ya chakula na kubadili hali ya moyo. Kwa hiyo majirani wakisema, "Mbona ananenepa, huyu anaumwa nini?" wewe usiwe mmoja wao.

Jambo gumu ni kwamba ugonjwa huu huja na kutulia. Leo mama analima, kesho hawezi kuinua kikombe. Jua kali peke yake huweza kuuamsha. Asiyejua ataona ni uvivu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 2003 mwanamke wa Marekani mwenye lupasi, Christine Miserandino, aliandika jinsi alivyomweleza rafiki yake maisha yake. Walikuwa mkahawani, akakusanya vijiko akampa. Kila kazi ya siku, kama kuamka, kuoga na kuvaa, ilimnyang'anya rafiki huyo kijiko. Siku haijaisha, vijiko vimekaribia kwisha. Mwenye afya hahesabu vijiko, lakini mgonjwa huvihesabu kila asubuhi. Nyumbani kwetu tunatumia mtungi. Asubuhi namwuliza mke wangu, "Leo mtungi una maji kiasi gani?" Akisema ni nusu, tunapanga siku ya nusu mtungi.

Namna ya kusikiliza

1. Keti chini. Zima redio, weka simu kando. Dakika kumi baada ya watoto kulala zinatosha kuanza. Anayesikiliza huku amesimama mlangoni hajasikiliza.

2. Amini unachoambiwa. Maumivu hayapimwi kwa macho ya mwingine. Usingoje kuona uvimbe ndipo uamini.

3. Usikimbilie kutoa jibu. Wakumbuke marafiki wa Ayubu. Walikaa naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Uliza kwanza, "Unataka nikusikilize tu, au tutafute la kufanya?"

4. Chunga ulimi. Maneno kama "Lakini huonekani mgonjwa," au "Jikaze," au "Labda huombi vya kutosha," humfunga mwenzio mdomo. Afadhali useme, "Pole. Nieleze zaidi." Sala ni njema sana, lakini isitumiwe kukatiza mazungumzo. Msikilize kwanza, kisha salini pamoja.

5. Tenda neno moja ulilosikia. Amesema vidole vinauma? Fua sare za watoto bila kutangaza kwa jirani. Akina baba, kushika karai hakutuondolei heshima.

6. Jua mipaka. Kusikiliza si tiba. Ukisikia uso au miguu inavimba, mkojo una povu au damu, kifua kinauma, pumzi ni fupi, kuna homa, au mgonjwa anachanganyikiwa, nendeni hospitali bila kukawia. Asiache prednisoloni ghafla kwa shauri la jirani au la muuza mitishamba, kwa maana ni hatari. Na akisema haoni sababu ya kuishi, usimkemee. Kaa naye, usimwache peke yake, na mtafute msaada siku hiyo hiyo.

Mambo ya chumbani na ya uzazi

Haya nayo yanahitaji masikio. Mwili unaouma au uliochoka haumaanishi kwamba mapendo yamekwisha. Ulizaneni kwa upole, wala asiwepo wa kulazimisha. Kuhusu mtoto, wengi wenye lupasi huzaa salama, lakini onaneni na daktari kabla ya mimba. Kwa kawaida hushauri ugonjwa uwe umetulia kwa muda usiopungua miezi 6, na baadhi ya dawa zibadilishwe kwa sababu huweza kumdhuru mtoto tumboni. Wazazi wako wakiuliza, "Mbona kimya?" usimwachie mke ajibu. Sema wewe, "Mama, jambo hili tunalijua sisi na daktari."

Haya yote ni kwa akina mama pia, kwa maana wanaume nao huugua, nao huficha zaidi. Tena, anayemtunza mgonjwa naye huchoka. Tafuta mtu mmoja mwaminifu wa kukusikiliza, lakini kwanza mwombe mwenzio ruhusa. Habari za mwili wake si za kutangazwa kwenye jumuiya bila yeye kukubali.

Usiku ule tulipotoka kwa daktari nilimwomba mke wangu msamaha. Nilimwambia, "Ulinieleza, mimi nikakufunga mdomo." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sikutaka unipikie, Baba. Nilitaka uniamini." Tukaongea hadi usiku wa manane. Leo bado yuko kwenye matibabu, na figo zake hupimwa mara kwa mara. Siku nyingine mtungi hujaa, siku nyingine ni mkavu. Lakini haamki tena gizani kunificha vidole vyake.

Mbele ya altare tuliahidiana kuwa pamoja katika siku za afya na za ugonjwa. Ahadi hiyo tunaitimiza jikoni na kitandani, mwenzio anaposema, "Nimechoka," nawe ukaketi kumsikiliza.

Kazi ya nyumbani wiki hii

Kaeni wawili, kila mmoja ajibu bila kukatizwa:
- Ni maumivu gani niliyokuficha, na kwa nini?
- Ni neno gani langu lililokufanya unyamaze?
- Leo mtungi wako una maji kiasi gani, nami nikupunguzie kazi gani?