Uji wa Mtoto Asiyekula Ngano: Somo kwa Wazazi, Walezi na Walimu wa Darasa la Awali

Utangulizi

Kata ya Masakta imo katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, ukanda unaofahamika kwa kilimo cha ngano. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa ushirikiano na Kanada, iliendeleza mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu wilayani humo. Kwa familia nyingi za eneo hili ngano ni chakula, na pia ni ada ya shule na bati la nyumba. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye ugonjwa wa seliaki, nafaka hiyo hiyo hudhuru. Somo hili linaeleza namna ya kumlinda mtoto wa aina hiyo anapoanza darasa la awali, ambako hula mbali na macho ya mzazi.

Ugonjwa wa seliaki ni nini?

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Kwa mtu mwenye seliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kama adui na, katika mapambano hayo, huharibu ukuta wa utumbo mwembamba. Utumbo ulioharibika haufyonzi lishe ipasavyo. Mtoto hula, lakini haongezeki uzito. Huweza kuharisha kwa muda mrefu, kujaa tumbo, kupungukiwa damu, kuchoka na kudumaa.

Dalili hizi hufanana na za minyoo au utapiamlo. Kwa hiyo mama huweza kulaumiwa kwamba hamlishi mtoto ilhali anamlisha kila siku. Seliaki haiambukizi, haitokani na uchawi, wala si kosa la mzazi. Pia si maradhi ya Wazungu peke yao: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliikuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 waliopimwa miongoni mwa Wasaharawi wa Afrika ya Kaskazini.

Uhusiano wa ugonjwa huu na ngano ulibainishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa vita, mkate uliadimika nchini humo. Watoto waliokuwa na seliaki walipata nafuu. Mkate uliporejea, nao wakarudia kuugua. Mpaka leo tiba yake ni moja: kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Pima kwanza

Mzazi asimwachishe mtoto ngano kwa kukisia. Vipimo hutafuta madhara yanayosababishwa na gluteni; mtoto aliyekwisha kuiacha huweza kuonekana mzima ilhali ni mgonjwa. Mpeleke kituo cha afya na umweleze mtaalamu dalili zote, ili akiona inafaa akupe rufaa ya kipimo cha damu na, ikibidi, uchunguzi wa utumbo.

Mzio wa ngano ni jambo jingine. Mtoto akivimba midomo au akipumua kwa shida mara tu baada ya kula, mfikishe hospitali bila kuchelewa.

Chakula salama kipo nyumbani

Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, viazi, mihogo, ndizi, maharage, mboga, matunda, maziwa, mayai, nyama na samaki kwa asili havina gluteni. Mtoto anaweza kula ugali kwa maharage na kunywa uji wa ulezi kama wenzake, bila mzazi kununua chakula cha gharama kutoka mjini.

Vinavyokatazwa ni mkate, chapati, maandazi, sambusa, keki, biskuti, tambi na kila kilichotengenezwa kwa unga wa ngano au shayiri. Kuwa mwangalifu na kimea: kimea cha ulezi au mtama hakina gluteni, lakini cha shayiri kinayo.

Usimlishe mtoto mahindi peke yake. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Badilisha nafaka, zikaushe vizuri, na uchambue punje zilizovunda kabla ya kusaga.

Hatari isiyoonekana: mashine, gunia na mwiko

Wazazi wengi hufaulu kumkataza mtoto andazi. Wanaposhindwa ni kwenye unga. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni iwapo gluteni yake haizidi miligramu 20 katika kilo moja. Robo ya kijiko cha chai ya unga wa ngano ikiingia katika kilo moja ya unga wa mahindi inatosha kuvuka kiwango hicho.

Sasa fikiria mashine ya kusaga ya kijijini. Mteja wa kwanza amesaga ngano. Wa pili anamimina mahindi ya mtoto wako. Mabaki yaliyo ndani ya mashine hutoka na unga wako. Fanya yafuatayo:

1. Tafuta mashine isiyosaga ngano wala shayiri. Ikikosekana, twanga na saga nyumbani kwa vyombo visivyoguswa na ngano. Kusaga kilo chache za mahindi mengine kwanza hupunguza mabaki, lakini hakuondoi hatari yote.
2. Usitumie gunia, ungo au chekeche iliyowahi kubeba ngano.
3. Mtengee mtoto sufuria, mwiko na kikombe, na uvitie alama.
4. Usimkaangie viazi katika mafuta yaliyokaangia maandazi.

Kusoma lebo

Unga wa lishe wa uji huchanganya nafaka kadhaa, na ngano huweza kuwa mojawapo. Soma orodha ya viambato yote. Ukiona ngano, shayiri, rai, au kimea kisichotajwa ni cha nafaka gani, kirudishe. Unga unaopimwa sokoni bila lebo usinunuliwe kwa ajili ya mtoto huyu. Alama ya ubora ya TBS huonesha kwamba bidhaa imekidhi kiwango chake. Isisomwe kama ahadi kwamba haina gluteni. Ukipewa dawa, muulize mfamasia kama ina wanga wa ngano.

Makubaliano na shule

Zungumza na mwalimu na mpishi kabla ya siku ya kwanza, kisha uache maandishi. Mfano:

“Mwalimu wa Darasa la Awali,
YAH: CHAKULA CHA MTOTO WANGU
Mtoto wangu ana ugonjwa wa seliaki. Haruhusiwi kula wala kuonja chochote chenye ngano, shayiri au rai, hata kidogo. Nitaleta unga wake katika ndoo yenye jina lake, pamoja na sufuria, mwiko na kikombe. Naomba uji wake upikwe kwanza, kabla ya uji wa wengine. Akila kwa bahati mbaya, asitapishwe. Naomba nijulishwe siku hiyo hiyo. Akiharisha, apewe maji ya ORS na apelekwe kituo cha afya akizidiwa.”

Mwalimu naye azingatie kwamba udongo wa kuchezea uliokandwa kwa unga wa ngano huishia mdomoni. Udongo wa mfinyanzi unafaa zaidi. Watoto wanawe mikono kabla na baada ya kula, wala wasibadilishane vitafunwa. Siku ya sherehe, mzazi aarifiwe mapema ili alete karanga, ndizi au viazi vya kutosha darasa zima, mtoto asikae pembeni akiwatazama wenzake wakila.

Nyumbani, bibi na shangazi waelezwe vilevile. Bibi humpa mjukuu andazi kwa mapenzi. Akielewa, mapenzi hayo hayo yatamchomea kiazi. Mtoto mwenyewe afundishwe sentensi moja ya adabu: “Asante, ngano inaniumiza tumbo.” Mtoto wa miaka mitano anaweza kuikariri, nayo itamlinda pale ambapo mzazi hayupo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtoto asiachishwe ngano kabla ya kupimwa?
2. Fuatilia unga wa mtoto kutoka ghalani hadi kikombeni. Ngano inaweza kuingia wapi?
3. Katika shule yenu, nani hupika uji, na nani atakumbuka kikombe cha mtoto huyu siku ambayo mpishi huyo hayupo?