Wembe wa Siku ya Saba

Mizani inayopima gunia la mchele wa Ndungu haina habari na nywele za mtoto mchanga. Ziweke juu yake, mshale hautikisiki. Mzazi wa Kiislamu wa Kihurio anayemfanyia mwanawe akika, yaani kumchinjia mnyama na kumnyoa siku ya saba, asihangaike kutafuta sonara, kwani kukadiria kunakubalika. Nywele hizo hazizidi gramu chache. Ulizia bei ya gramu ya fedha, yaani madini yenyewe, kisha utoe sadaka kwa thamani hiyo, na ukizidisha hakuna atakayekulaumu. Asili yake ni agizo la Mtume kwa binti yake Fatuma: amnyoe mwanawe Hasan na atoe sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele zake.

Siku huhesabiwa pamoja na ile ya kuzaliwa. Aliyezaliwa Ijumaa mchana, siku yake ya saba ni Alhamisi. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi kwetu, mbuzi wawili huchinjwa kwa mvulana na mmoja kwa msichana, na watoto wa jinsia zote mbili hunyolewa. Mwenye uwezo wa mbuzi mmoja tu kwa mvulana achinje huyo huyo. Waarabu wa kale walimpaka mtoto damu ya mnyama kichwani. Uislamu uliikomesha desturi hiyo, zafarani ikachukua nafasi yake.

Wembe ndio wa kuangaliwa zaidi. Uwe mpya, ufunguliwe mbele yenu, na kama ni mapacha kila mmoja apate wake. Wembe wa kuazimana hupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mnyoaji si lazima awe shehe. Bibi mwenye mkono mtulivu anatosha. Mtoto ashibe kwanza, kichwa kilowe maji ya vuguvugu, na utosini mkono uwe mwepesi kabisa, maana mfupa wa hapo bado haujafunga. Akikatika, bonyeza kwa kitambaa safi. Jivu na udongo huweza kuleta pepopunda. Aliyezaliwa njiti au anayeumwa asubiri: sadaka itolewe kwa kukadiria, wembe uje baadaye.

Kichwa chote kinyolewe. Denge, yaani kunyoa pembeni na kuacha kishungi, Mtume alilikataza, ingawa vijana wamelirudisha saluni kwa mashine na kulipia kabisa.

Jirani Msabato au Mlutheri akialikwa pilau ya akika, asione mambo mageni. Katika Hesabu 6, mnadhiri hunyoa kichwa anapomaliza nadhiri yake, na Paulo alinyoa Kenkrea kwa sababu ya nadhiri. Wakatoliki nao walikata nywele za kijana anayeingia daraja la makleri, mpaka Papa Paulo VI alipoiondoa ibada hiyo mwaka 1972.

Lakini wembe huo huo msibani una hukumu nyingine. Jamii nyingi za Tanzania hunyoa wafiwa wakati wa kuanua matanga, na ni mila yenye heshima yake. Katika Uislamu, mwanamke kunyoa kichwa kwa kuomboleza kumekatazwa. Familia yenye dini mbili, nazo Upareni si chache, ilizungumze hili kabla shangazi hajafika na wembe mkononi.

Naye anayekwenda Makka kuhiji asinyoe kipara siku ya kuondoka, maana nywele atazihitaji. Akitanguliza umra kisha hija, apunguze tu baada ya umra, abakize za kunyoa Mina, tarehe 10 ya Mfunguo Tatu. Mtume aliwaombea dua mara tatu walionyoa na mara moja waliopunguza. Mwanamke hanyoi, hukata kiasi cha ncha ya kidole. Naye mzee aliyekwisha kuwa na upara hupitishiwa wembe juu ya kichwa kitupu.