Moyo Kwenda Mbio

Mtu akipanda kilima na mkebe wa maziwa mgongoni, moyo wake hupiga upesi. Huo si ugonjwa. Mwili wataka damu zaidi. Akikaa kitako kitambo kidogo, moyo hutulia. Hofu, homa, chai kali, tumbako na miraa pia huuendesha mbio.

Basi jifunze kuhesabu. Pumzika kwanza. Weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, karibu na kiwiko cha kiganja upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja nzima ukitazama saa. Kwa mtu mzima aliyetulia huwa 60 hadi 100. Angalia pia kama yafuatana sawasawa ama yaruka-ruka. Yakizidi kuruka-ruka, nenda zahanati. Andika hesabu hiyo, hata katika daftari la maziwa. Itamfaa daktari kuliko kuambiwa "moyo wanisumbua" tu.

Mama ambaye moyo wamwenda mbio kwa kazi ndogo, na viganja vyake vimepauka, huenda amepungukiwa na damu kwa sababu ya safura, malaria au hedhi nyingi. Majirani humwita mvivu. Huo ni uonevu. Apelekwe akapimwe damu.

Lakini moyo ukienda mbio pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzimia, usingoje ng'ombe wakamuliwe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, tena na mtu wa kukusindikiza. Aliyezimia asiendeshe baisikeli mwenyewe.